Kona ya Tatu

Hakuna aliyenituma. Niliandika jina langu mwenyewe
kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ukumbi, Kaloleni:
Waamuzi wa kujitolea. Chai ipo. Nauli haipo.

Siku za kazi husoma mita za maji, Umoja hadi Kayole.
Nimepiga magoti kwenye matope ya kila ploti,
nimefuta utando wa buibui kwa kidole gumba,
nimeambiwa na mama mwenye nyumba, kwa sauti ya asali,
"Hiyo tisa, baba, hebu tazama vizuri, si ni sita?"
Mita haina shangazi. Tisa ni tisa.
Kwa hiyo nilidhani kazi hii naiweza.

Jumamosi nikapewa kiti cha plastiki, kona ya tatu,
tai iliyokwisha kufungwa kwenye shingo nyingi,
na bendera mbili, nyekundu mkono huu, buluu mkono ule.
Mwalimu Obura alinifundisha ishara kwa dakika kumi:
hivi ni pointi, hivi ametoka nje ya mkeka,
na hivi (akaziinua zote mbili, akajiziba uso)
hivi ni kusema sikuona.
"Hiyo wengi hawaitumii," akasema. "Wanaona haya."

Wakaja wa miaka saba, mikanda ikiwaburuza.
Mmoja alilia kabla hajaguswa.
Mmoja aliinama kumsalimu mpinzani
akasahau kuinuka.
Niliinua, nikashusha, nikainua, mabega yakawaka moto.
Kocha wa Huruma alinipa jina la mnyama;
nikajitia uziwi, nikanywa chai yangu.

Fainali ya wasichana ilianza mvua ikiwa juu ya bati.
Nyekundu: Kerubo, wa Mukuru, nyayo nyeupe kwa vumbi la chaki.
Buluu: Nasimiyu, mrefu, mtulivu
kama mtu aliye kwenye foleni ya benki.
Mbili kwa mbili. Sekunde nane.
Kerubo akazunguka.
Niliona mgongo wa mwamuzi wa kati.
Niliona kisigino kikipanda nyuma ya mgongo ule.
Nilisikia pu! ya kitambaa, au ya mwili.

Ukumbi ukasimama. "Pointi!"
Kona ya kwanza, nyekundu juu.
Ya pili na ya nne, hapana, haikufika.
Bendera moja zaidi, na binti ni bingwa.
Mama yake alikuwa hatua tatu kutoka kiti changu,
mwavuli umefungwa mapajani.
Hakupiga kelele. Alinitazama tu
wanavyonitazama waliokatiwa maji.

Mkono wa nyekundu ukawa mwepesi, ukaanza kupanda wenyewe.
Ni rahisi kuona
kile ambacho watu mia nne wameshakuonea.

Wanasema macho hayana pazia.
Nilikuwa nayo mawili. Niliyavuta.

Mle ndani, nyuma ya kitambaa,
kulinuka jasho la wote waliozishika kabla yangu,
na zomeazomea ilipenya uzi kwa uzi.

Nasimiyu akashinda kwa ngumi moja safi, ya muda wa nyongeza.
Hiyo niliiona.

Jioni, kwenye mfereji wa nje, nikinawa,
Kerubo alikuja na medali ya fedha ndani ya karatasi ya mkate.
"Mwalimu, kweli hukuona?"
"Sikuona."
Akafikiri, mguu mmoja juu ya mwingine.
"Hata mimi. Nikipiga hilo teke huwa nafumba macho."
Akakinga viganja, akanywa, akacheka maji yakamtoka puani.
Mama yake akamwita mara mbili. Akaenda.

Nikaufunga mfereji. Kisha, kwa mazoea tu,
nikachuchumaa kuitafuta mita yake.
Kioo kilikuwa na ukungu. Nikakifuta kwa ncha ya tai.
Namba ya mwisho ilikuwa kati ya tano na sita,
na nilikuwa nimeshaufunga mfereji,
naapa nilikuwa nimeufunga,
na bado ilikuwa inageuka.