Safu Isiyokuwepo

Kabla ya kanuni, mfuko wa saruji
kutoka gati la Kigoma hadi Kalemie
ulivuka kwa elfu mbili na mia tano.
Niliandika kwa wino wa bluu, sikuwaza.

Sasa Rutuku imefungwa kamba, mwezi wa tatu huu.
Mkaguzi alishuka na tochi chumba cha injini,
akapanda na viganja vyeusi:
maji ya ngama hayamwagwi tena ziwani.
Chujio linatoka nje. Linalipiwa kwa dola.

Wenye vyombo vilivyopita ukaguzi
wakapandisha nauli siku hiyohiyo, elfu nne na mia moja.
Mama Butoyi alihesabu viroba vyake vya chumvi ya Uvinza
mara mbili, kana kwamba vingepungua uzito,
akavirudisha kwenye mkokoteni.
"Usafi mzuri, karani," akasema.
"Ila sabuni nanunua mimi."

Ng'ambo, Mulumba anapiga simu:
ukuta umeishia madirishani,
mvua hizo zinakuja.

Adhuhuri nateremka ngazini kunawa.
Miaka kumi na tisa nimenawa hapa
nikitoka na pete ya mafuta kifundoni,
rangirangi, kama shingo ya njiwa.
Leo naviona vidole vyangu,
na kokoto, na kisamaki cha milia
kinachozionja moja moja.

Narudi daftarini, natafuta pa kukiandika.
Ipo safu ya uzito, ya nauli, ya ushuru.
Na jina la Mama Butoyi lipo,
kwa wino mwekundu:
hakusafirisha.