Sababu ya Kuja

Ofisi yangu ina kiti kimoja cha mgeni,
mashine ya kopi inayonuka moto,
na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo ya rangi.
Kushoto kinyozi wa Kerala, kulia fundi wa mabaibui.
Hapa Barka watu huniletea karatasi zao
kama wanaokwenda kwa mpiga ramli:
nisomee, Zuwena, unaona nini?

Naona visanduku vitatu.
Kazi. Masomo. Familia.
Tia alama kimoja tu,
wala usitoke nje ya mstari.

Mishi wa Msambweni aliingia jioni ya Ijumaa,
mikono inanuka klorini na iliki.
Akafungua simu, akanionyesha binti:
"Mwanatumu huyu. Nilimwacha ana miaka tisa.
Sasa kanipita kimo, naambiwa."
Naambiwa, akalirudia neno
kama mtu anayeonja chumvi.
"Nataka aje. Andika familia."

Nililijua jibu kabla hajakaa vizuri.
Mshahara haufiki.
Chumba anacholala kimo ndani ya nyumba ya kafili,
kando ya mashine ya kufulia.
Familia ni kisanduku cha wenye sebule.
Nilimwambia polepole, kwa Kiswahili cha bibi yangu,
kile chenye "samahani" nyingi.

Bibi yangu mwenyewe alizaliwa Wete.
Aliposhuka Maskati hakuwa na hati,
alikuwa na jina:
la babake, la babu, la babu wa babu,
akiyataja kama anayeshuka ngazi gizani, mguu kwa mguu,
hata sheikh mmoja mwenye kalamu akasema, basi,
huyu wetu.
Muhuri ukagonga.
Kiarabu hakukijua hata cha kuombea maji.

Mishi anakijua. Kakiokota jikoni,
amri kwanza, maneno mengine baadaye.
Watoto wa nyumba ile wakishikwa na homa usiku
humwita yeye.
Lakini jina lake nimelishusha ngazi zote,
na chini kule
hapana mwenye kalamu.

Alirudi mwaka wa tatu, mwezi wa Shaabani,
mara hii bila picha, ana namba ya pasipoti
kaiandika kwenye kiganja.
"Katimiza ishirini na moja. Andika kazi."
Nikamtazama.
"Usinitazame hivyo, Zuwena. Wewe andika."

Nikaandika.
Mtumishi wa ndani. Miaka miwili.
Hajaolewa. Hana maradhi.
Uzito, kimo (kweli kampita mamake),
anajua kupika, anajua kulea.
Fomu iliuliza hata meno.
Haikuuliza popote: una nani huku?

Kafili aliyemchukua ni wa Salala.
Kutoka hapa ni kilomita elfu moja,
kokoto na upepo,
na pasipoti ya mtoto iko kwenye droo ya mwenyewe,
na ya mama iko kwenye droo nyingine.

Nilipomwona tena Mishi alikuwa dukani kwa fundi,
kaja kuchukua baibui la bibi mwenye nyumba.
Nikaogopa kuuliza. Akasema mwenyewe:
"Anasema huko kuna minazi.
Ati kuna ndizi, na mvua ya manyunyu asubuhi kutwa,
anasema, mama, hapa kama kwetu."
Nje jua la Barka lilikuwa linakausha nguo
kabla hazijabanwa kambani.

"Mmeonana?"

Akakunja baibui, mkono juu ya mkono,
kwa ustadi wa mtu anayelipwa kukunja.
"Kwenye simu. Kama zamani.
Ila zamani nikimaliza vyombo saa nne,
kwao ilikuwa saa tatu bado.
Nilikuwa nikimwambia, lala,
ananijibu, mapema, mama."

Akaliingiza baibui mfukoni, akalipa kwa pesa isiyo yake,
akahesabu chenji mara mbili.

"Sasa nikimwambia nimechoka
na yeye kachoka saa ileile."