Nepi na Petroli

Ramani imetandazwa mezani,
kona moja imekandamizwa na chupa ya maziwa.
Kutoka Liepāja hadi Porto, kwa mdogo wake Dzintra:
kilomita elfu nne kasoro kidogo.
Mimi nahesabu petroli.
Yeye anahesabu nepi.

"Siku tano," nasema.
Anacheka bila sauti, Rūdis asije akaamka.
Anashika penseli, anaikata Polandi vipande vitatu,
Ujerumani vinne,
kila kipande urefu wa usingizi mmoja wa kitoto kichanga.
Ufaransa anaiacha nzima.
Ufaransa, asema, tutaijulia hukohuko,
ikiwa tungali tunasemezana.

Kiti cha nyuma kinanuka tufaha
lililopotea humo tangu Pasaka.
Na pasipoti ya Rūdis: picha ya miezi miwili, mdomo wazi,
shingo imeegemea kiganja cha mtu asiyeonekana.
Afisa gani atamtambua,
sasa ana meno manne na hasira zake mwenyewe?

Saa tano usiku Madara anashuka ngazi,
buti za mvua miguuni, kiazi mkononi.
"Cha mama mdogo," anasema.
Kisha, akichungulia ramani:
"Tumeshafika?"

Dzintra anafuta tano,
hajaandika kitu bado.