Kipindi cha Saba, Kidato cha Pili B

Kipindi cha saba huja na njaa.
Makande bado yanatokota nyuma ya stoo,
harufu yake inaingia dirishani bila hodi,
nami nimeandika ubaoni: HAKI NA WAJIBU WA RAIA.
Wananakili. Hata nukta iliyonidondoka kwa bahati mbaya
wameinakili.

Fasili wanayo, ya Kiingereza,
wanaitema kwa pumzi moja kama waliomeza mwarobaini.
Nikiuliza, "Maana yake nini, Kundaeli?"
Kundaeli hutazama dari,
na dari humtazama yeye.

Siku ile nikafuta ubao.
Nikasema: bomba la pale uani limekauka tangu Pasaka.
Bomba ni la nani?
"La Serikali!" Sauti arobaini na nane.
Serikali ni nani?
Kimya. Pikipiki ikapita kuelekea Pasua.
Nje, Mlima ulikuwa umejifunika, desturi ya wakubwa.
"Ni wale wenye magari ya bendera," akasema Shafii.
"Ni babu yangu," akasema Naishiye, "alikuwa balozi wa nyumba kumi,
ila sasa ana kisukari."
Tukacheka mpaka mwalimu wa Hesabu akagonga ukuta.

Ndipo Aikande, anayekaa karibu na mlango
kwa sababu huchelewa,
kwa sababu huanzia Mbuyuni kumpangia mama yake maandazi,
akasimama bila kuitwa.
"Mwalimu, mama hulipa ushuru kila asubuhi.
Risiti zote anazo, amezitunga kwenye waya.
Basi lile bomba
lina kipande cha mama."

Miaka kumi na minne nafundisha kodi.
Sikuwahi kuisikia ikinukia iliki.

Tukaanza barua kwa Halmashauri.
Wiki mbili, barua moja, ukurasa mmoja.
Elirehema alitaka "tunaomba kwa unyenyekevu";
Shafii akasema unyenyekevu haufungui koki,
iandikwe "tunadai".
Basi ikapigwa kura katika kopo la chaki:
punje ya hindi ni kuomba,
punje ya haragwe ni kudai.
Tukamwaga, tukahesabu.
Kura hamsini.

Wanafunzi arobaini na nane, kura hamsini.
Hakuna aliyekohoa.
Nilikuwa na fimbo kabatini, nilikuwa na sauti,
nikavifumbia mdomo vyote viwili
nione watafanya nini.
Naishiye akaokota kopo, akalikung'uta, akalipuliza,
akasimama kando yake kama askari wa benki:
"Mmoja mmoja. Ngumi ifumbwe, nisione unachotia,
ila nione unatia mara moja."

Safari hii arobaini na nane.
Kuomba kukashinda kwa punje mbili.
Shafii, aliyeshindwa,
ndiye aliyeiandika, maana ana mwandiko mzuri,
na hakupindisha neno.

Bomba bado kavu.
Nakala yetu ina muhuri wa zambarau: IMEPOKELEWA.
Wameibandika ukutani, juu ya ratiba,
na kila Jumatatu mmoja huchora mstari mfupi pembeni,
kama wafungwa, au kama wenye deni.
Nimekwisha kuhesabu mistari tisa.

Jana Aikande akauliza,
"Na mtaani kwenu, mwalimu,
mapato na matumizi husomwa lini?"
Kengele ikaniokoa.
Lakini kengele haina mkono mrefu,
haikufika nami nyumbani.

Leo Jumapili nimekuja mkutanoni, Njoro,
mara yangu ya kwanza. Nimekaa karibu na mlango.
Mwenyekiti amesema, "Kama hakuna swali, tufunge,"
na watu wameshaanza kujikung'uta vumbi.
Mkono wangu ni mzito kama ndoo iliyojaa.
Nimeuinua.
"Wewe ni nani?"
Nilitaka kusema, mwalimu.
Nimesema, mkazi.
Nimeuliza.

Mwenyekiti ameanza kutafuta miwani yake,
mfuko hadi mfuko.