Bomba la Leo, Newala

Nilianza na picha: maporomoko,
povu likicheza kwenye skrini,
na "karibu" tatu, kila moja na rangi yake.
Bi Somoe akatua ndoo,
akasubiri simu yake, bando la mia tano,
ifungue. Ikazunguka. Ikazunguka.
"Haya. Na maji yako wapi?"

Nikafuta.
Nyuma ya stakabadhi ya korosho
nikaandika anachouliza mtu mwenye ndoo kichwani:
bomba gani linatoka leo,
saa ngapi, ndoo shilingi ngapi,
ufunguo anao nani.
Mengine yalikuwa mapambo ya harusi
isiyo na pilau.

Siku hizi, kabla ya adhana,
nampigia Chilumba wa kioski cha Luchingu.
Akiguna tu, naandika: bado.
Neno fupi, halina sura,
lakini kuna mtu limemrudisha kitandani
nusu saa.

Tovuti yangu sasa ni nyeupe kama sahani iliyooshwa.
Jana Bi Somoe kaifungua palepale mlangoni,
macho yameshuka mara moja,
kazima simu, kajitwika,
kashika njia ya Luchingu.

Hata kuniaga hakuniaga.