Tela Halina Injini

Subiri kidogo binti, nitafute miwani.
Ndiyo, nakusikia. Huku Canora upepo unazipigisha nyaya kelele,
lakini nakusikia.
Jina ni Halyna, kwa y katikati. Hrynchuk.
La, si Orest. Orest ndiye mwanachama.
Ndiye aliyekuwa.
Niandike mimi.

Vifurushi vitatu, umesema,
na cha kwanza bei yake haifiki mtungi wa gesi.
Nakijua hicho. Ndicho tulichokuwa nacho
siku giaboksi ya pikapu ilipokufa, ng'ambo ya Swift Current,
saa kumi jioni, jua likichoma kanola pande zote mbili.
Kijana wa winchi alifika baada ya saa tano,
mpole, uso umejaa chunusi,
akaifunga pikapu minyororo, akamulika karatasi yake kwa tochi,
akasema: gari limo. Tela halimo.
Akaondoka na kichwa, akatuachia kiwiliwili.

Lina vitanda, binti, lina jiko,
lina mapazia niliyoshona mwenyewe,
matairi manne, taa, namba ya usajili,
ila halina injini;
na mkataba ule ulikitambua kinachovuta,
kinachovutwa ukakitupa nyasini.
Orest alicheka. Alikaanga mayai usiku wa manane,
kila lori likipita sufuria inatembea jikoni,
akasema tumepata kiwanja cha bure.
Mimi sikucheka.
Nilikuwa nahesabu kilomita.

Haya, cha pili. Mia moja na sitini.
Hesabu za mjini hizo, mwanangu.
Toka kwangu hadi kwa fundi anayekubali kugusa ekseli
ni mia mbili na kumi, na hapo iwe hajaenda kuvua samaki.
Hizo hamsini za mwisho nilipe mimi?
Kwa kila kilomita?
Ngoja niandike nyuma ya bahasha.
...
Hapana.

Na cha tatu: "hadi kwa fundi wa karibu anayeweza."
Hilo "anayeweza" hupimwa na nani, nyinyi au mimi?
Cheka tu. Nilikuwa karani wa ghala la nafaka miaka ishirini na sita;
nimeona ngano safi ikishushwa daraja kwa neno moja.

Sasa nijibu hili. Bima hii hulifuata gari,
au humfuata mtu?

Mwanachama.

La, nipo. Sijakata simu.
Ndiyo maana barua yenu ilifika Machi,
theluji ikiwa bado imelifunika tela hadi madirishani:
Mpendwa Orest, tumekukosa.
Miaka kumi na tisa nimeipanda milima na kuishuka
nikiwa mstari wa pili kwenye kadi yake.
Walisema usisafirie nyota ya mwenzio.
Mimi niliisafiria, wala sijuti,
ila hakuna aliyenionyesha kwamba nyota ile
imepigwa muhuri wa tarehe nyuma yake.

Dereva? Mimi.
Nimejifunza kurudi nyuma nalo, kwenye uwanja wa kanisa:
mkono uwe chini ya usukani,
unakoupeleka mkono ndiko mkia unakokwenda.
Nimegonga pipa moja la taka, na uzio wa padri.
Padri amesamehe. Uzio bado umeinama.

Agosti nakwenda Kamloops kwa dada yangu.
Nitaliegesha huko kando ya mto, niifungue pikapu nikanunue mkate.
Likipasuka tairi wakati huo,
limesimama lenyewe, halijafungwa kwenye chochote,
je, mtakuja?

Soma tena. Polepole.

"Hata likiwa peke yake."

Basi niandikie hicho.
Ndiyo, najua ni ghali; nitaiacha televisheni ya kulipia,
nani anaitazama.
Kadi ninayo hapa, namba inaanza na nne...
ngoja, ngoja kwanza,
upepo umefungua mlango wa tela,
nauona ukipigapiga.
Usikate. Narudi.