Kaunta ya Tisa

Ndege ya Kutaisi huondoka Bari kila Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri.
Saa nane usiku foleni imeshajipinda hadi mlango wa choo:
wanawake tu, wa makamo, wenye viatu vya kusimamia,
waliotoka Georgia kuja kulea wazee wa Kiitalia,
kuwaogesha, kuwageuza ubavu,
kuwafumba macho siku ikifika.

Mimi nasoma namba. Ndiyo kazi.
Ishirini na tatu, pita.
Ishirini na nne, simama kando.
Mizani yangu haijui vina.

Hila zao nazijua zote.
Yuko anayeinua begi kwa ncha ya kiatu
huku akinikodolea macho kama picha ya mtakatifu.
Yuko aliyevaa makoti matatu, mwezi wa Julai,
sabuni mfuko huu, chaja mfuko ule,
kabati linalojifunza kutembea.
Mzigo wa mwenzio, wanasema, ni kanda la usufi.
Sawa. Ila mimi ndiye niliyewekwa hapa kulipima kanda.

Pasipoti yake ilisema Tsiala, miaka sitini na mmoja.
Begi la kahawia, zipu mbovu,
limefungwa kwa mkanda wa joho la kuogea.
Namba zikapepesa, zikasita, zikatua:
thelathini na moja nukta nne.

"Sinyora, umezidisha nane na kitu.
Euro mia moja na ushei."

Midomo yake ikahesabu bila sauti.
Mia, aliniambia baadaye, ni gari zima la kuni.
Akapiga magoti, akafungua.
Hakuna uchi kama begi lililofunguliwa kwenye foleni:
sidiria, pakiti sita za tambi, pasi ya umeme,
viatu vya mpira vya mjukuu, vya njano,
dawa za presha ndani ya soksi.
Akatoa tambi. Akatoa pasi.
Viatu akavitoa, akavirudisha, akavitoa tena,
akavivisha mikononi kama glavu, akacheka peke yake.

Na chini kabisa, ndani ya taulo, kinu.
Cha marumaru, mdomo umemeguka upande.
Miaka tisa alimtwangia humo bibi Immacolata
vitunguu saumu na majani ya rihani.
Mwezi Machi bibi alipozikwa, watoto wake wakamwambia:
chagua kitu kimoja.
Nyumba ilikuwa na televisheni ukubwa wa mlango!
"Kwetu," akasema, "kokwa za jozi hutwangwa kwa jiwe."

Ishirini na tano nukta mbili, kinu kikiwemo.
Nyuma yake mtu akasonya.
Msimamizi wangu, Pasquale, akapiga miayo kuelekea kamera.

Tsiala akavua mtandio.
Akakiweka kinu kifuani, akazungusha kitambaa,
fundo begani, fundo kiunoni,
mbeleko kamili,
na mkono wake ukaenda wenyewe chini ya kile kitako cha jiwe,
ukakipigapiga.

"Ana miezi mingapi?" nikauliza.
Akanitazama muda mrefu.
"Saba."
"Wa chini ya miaka miwili hapimwi," nikasema,
nikabandika karatasi kwenye begi,
na ukanda ukalimeza.

Walinzi wa mbele walimfanya nini, sijui.
Sikuitwa. Nachukulia hilo kuwa habari njema.

Kulipokucha, nilipokuwa nazoa tambi na pasi,
nikaukuta mchi umelala chini ya kaunta.
Nikauweka juu ya mizani. Nukta nane.

Uko kwenye droo yangu, pamoja na gundi na kalamu.
Kila Alhamisi, begi likitua, nachungulia namba
nikimtafuta mmoja tu mwenye nafasi ya nukta nane.

Hii ni wiki ya tatu.
Wote ishirini na tatu kamili.